Kifuniko Ndani ya Bwawa la Kinu

Je, mmewahi kuona mtu mzima amefunga miwani yake kwa kamba kisogoni ili isidondoke? Basi kwenye kinu kile kidogo cha nyuklia, ndivyo walivyofanya wote, mpaka mkuu wao. Si kinu cha umeme kile. Ni cha utafiti, na cha kutengenezea dawa za hospitali. Kimekaa chini ya bwawa la maji maangavu lenye kina cha mita saba, na hakitaki takataka. Kwa hiyo kila kitu kinachofika ukingoni huandikwa, na kikitoka hukaguliwa.

Mwenye kuviandika alikuwa Mama Daftari. Mtihani wa kuendesha kinu alishaufaulu, mwaka wa nne huo, lakini kiti cha mwendeshaji alikitazama kwa mbali tu, akingoja wakubwa wamkumbuke.

"Asiyeomba hapewi, mke wangu," mumewe humwambia. Naye hujibu, "Wataona wenyewe."

Asubuhi moja gari la hospitali lilikuwa limeshafika getini kungojea dawa.

"Washeni," mkuu akasema.

"Bado," akasema Mama Daftari. "Kuna kalamu iliingia na kifuniko cha chuma, imetoka kichwa wazi."

Fundi wa pampu akaangua kicheko. "Kifuniko cha kalamu! Tuite na polisi, mama?"

"Ita na jeshi, baba. Kinu hakiwashwi."

"Kalamu yenyewe ya nani?" mkuu akauliza kwa ukali.

"Yako, mkuu."

Kicheko cha fundi kikakatika kama kilichokatwa kwa wembe. Mkuu akapapasa mifuko, akaigeuza ndani nje. Hamna kitu. Wakamulika taa majini, wakakiona: kimelala jirani kabisa na tundu linalopitisha maji ya kupoza kinu. Mama Daftari akashika koleo refu mwenyewe, akakivuta taratibu mpaka juu. Wakakipima mionzi, wakakitia kwenye kopo la madini ya risasi, yanayozuia mionzi. Saa mbili nzima zilikwenda, na dereva wa hospitali alinung'unika, lakini dawa ilikuwa bado inawahi.

Mkuu akajifuta jasho. "Mama, leo umenisitiri. Sema unataka nini. Likizo? Barua ya pongezi?"

Asante ilishamfika ulimini, ile asante yake ya siku zote. Akaimeza.

"Nataka kiti cha mwendeshaji, mkuu. Nikiwashe kinu mimi, sasa hivi."