Wa Kwanza Waachwe Wapite

Tukummeq alikuwa keshaamua kusema ndiyo, na ndiyo yenyewe ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kesho yake wawindaji watano wa baraza la kijiji walikuwa wapige kura: je, meli za kampuni ya mgodi ziruhusiwe kupasua barafu kuanzia mwezi huu wa Mei, au zingoje mpaka bahari ifunguke yenyewe? Wawili walitaka, wawili hawakutaka. Wa tano alikuwa yeye. Na bintiye wa pekee, Arnannguaq, fundi wa injini aliyesomea Denmark miaka minne mizima, alishaahidiwa kazi kwenye meli hizo. Kura ikiwa hapana, angepanda ndege ya Jumatano kurudi kusini, na safari hii si ya kurudi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wale wenye midomo mirefu ya kusema "bahari kwanza" wangetakiwa wamsindikize mtoto wao uwanjani kwanza, ndipo waongee.

Lakini kura hailiwi, na nyama ilikuwa imekwisha. Asubuhi hiyo wakaenda ukingo wa barafu kungoja nyangumi wa pembe: Tukummeq, bintiye, na kaka yake yeye mama, Masaitsiaq, mzee wa maneno mengi na meno machache. Mbwa waliowavuta hadi pale waliwafunga mbali, nyuma kabisa, wasije wakabweka.

"Vua hayo mabuti ya dukani," Masaitsiaq alimnong'oneza mpwa wake. "Huko chini wanasikia ukitembea. Wataona linakuja jeshi!"

"Na wewe, mjomba, na tumbo hilo? Hawalisikii?"

"Tumbo langu wanalijua tangu mama yako hajazaliwa. Vua, wee!"

Arnannguaq akacheka kimyakimya, akavaa buti laini za ngozi ya sili. Wakaketi juu ya barafu, wamejificha nyuma ya mtumbwi waliouleta. Mzee hakuweza kunyamaza.

"Haya maji si yetu peke yetu. Ndugu zetu wawindaji wa ng'ambo ya bahari hii wametuomba tusizikubali meli bila wao. Nyangumi ni hawahawa, leo kwetu, kesho kwao."

"Ndugu wa ng'ambo watanipa kazi, mjomba? Nimesoma ili nikae hapa, nyumbani. Nyie mnataka nikatengeneze mashine za kufulia za watu Denmark?"

"Basi nyamazeni," alisema Tukummeq. "Nimeshasema kura yangu itakuwa nini."

Masaitsiaq akamtazama dada yake, akaguna, akageuzia uso baharini. Akainua kidole.

Wakaja. Kwanza pumzi tu, puu, puu, upande wa kaskazini, kisha migongo mitatu yenye madoadoa, halafu pembe moja ndefu ikachomoza majini na kuelekea mbinguni. Walipita mbele yao karibu kiasi kwamba Tukummeq aliona jicho la mmoja, dogo, jeusi, likimtazama. Arnannguaq mkono ukamwenda kwenye chusa. Mamaye akaushika, akautuliza. Wa kwanza hawachomwi. Ndio wakaguzi wa njia. Ukiwaumiza, walio nyuma hugeuka, na mwaka mzima utakula biskuti. Hata mjinga wa kijiji analijua hilo.

Wale watatu wakapita, wakaingia ghubani. Na nyuma yao, lo! Bahari yote ikapumua. Mia? Mia tatu? Nani angehesabu? Majike na vitoto vya kijivu ubavuni, madume yakipishanisha pembe hewani taratibu, na jua likiwaka juu ya migongo iliyolowa hadi macho yakauma. Tukummeq amewinda miaka thelathini na mitano, na bado hajazoea. Alitaka kupiga kelele kwa furaha. Masaitsiaq, mzee wa maneno, machozi yalimtiririka hadi kidevuni wala hakuyafuta.

Kisha wakasimama.

Wote, kwa pamoja. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyepiga mkia. Walikaa majini bila kutikisika, kisha mmoja mmoja wakaanza kuzama kama mawe, wima, kimya, na vitoto vyao. Maji yakabaki matupu.

"Nani kagusa kitu?" Tukummeq aliuliza kwa hofu.

Hakuna. Upeo wa macho ulikuwa mweupe, hewa tulivu. Masaitsiaq akachovya kasia majini, akabana mpini wake kwenye taya, akasikiliza. Akampa dada yake. Tukummeq akasikia ngurumo nyembamba, isiyokoma, ikimwingia hadi kwenye meno. Akampa bintiye.

Arnannguaq alisikiliza kwa muda mrefu sana.

"Ni meli ya majaribio ya mgodi," alisema hatimaye. "Injini mbili. Ya kushoto beringi imechakaa, niliwaambia wiki jana. Lakini mama, iko kilomita sitini kutoka hapa!"

Ghubani, wale watatu wa kwanza walikuwa wameibuka. Waligeuka kule walikotoka, wakangoja wenzao. Wakapumua, wakazunguka, wakangoja tena. Walikuwa karibu, wapweke, na nyumbani vyungu vilikuwa vitupu. Hakuna aliyeinua chusa.

"Mama," Arnannguaq alisema, akilaza kasia juu ya barafu. "Kesho usiseme ndiyo kwa ajili yangu."

"Na Jumatano?"

"Jumatano nitakwenda. We sema tu."

Tukummeq alimkumbatia pale pale juu ya barafu, akalia kwa sauti, sheria ya kimya ikamtoka kabisa kichwani, na kaka yake hakumkemea.

Kesho yake barazani alisema hapana mara moja, kwa nguvu, hadi waliokaa mlangoni wakageuka. Hakungoja pongezi za mtu. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kumsaidia bintiye kukunja nguo.