Ukurasa wa Mteja Msumbufu

Mimi hukereza vyuma. Shafti za pampu, bushi za mashine za kusaga, pini za matrekta. Lete kilichokatika, rudi kesho uchukue kipya. Karakanani wananiita Milimita kwa sababu neno "karibu sawa" silitaki kulisikia. Kitu ni sawa au si sawa. Mama yangu ni fundi cherehani, na tangu nilipochagua chuma badala ya kitambaa hajaacha kuwaambia watu kwamba alizaa binti, akapata gereji.

Kwa hiyo Jumatatu ile asubuhi, daktari wa mifupa alipotundika picha ya nyonga ya Mama kwenye kisanduku cha taa, sikuona ugonjwa. Niliona beringi iliyolika.

Miaka kumi na saba nyuma, katika hospitali hiyohiyo, Mama alibadilishwa nyonga ya kushoto. Shina la chuma lilizamishwa ndani ya mfupa wa paja, juu yake kikawekwa kichwa cha duara, na kichwa kikakaa ndani ya bakuli la chuma lililotandikwa plastiki ngumu. Sasa plastiki ilikuwa imelika upande mmoja, kichwa kimepanda juu, na Mama, aliyekanyaga cherehani miaka arobaini, hakuweza kusimama hata kwenda msalani.

"Shina limeshika, na bakuli limeshika," daktari alisema. "Nikipata plastiki mpya inayoingia kwenye bakuli hili, na kichwa kinachokaa kwenye shina hili, nabadilisha hivyo viwili tu. Saa moja na nusu, kazi imekwisha."

"Na usipopata?"

"Nang'oa vyote. Shina lililoshikana na mfupa halitoki kwa kubembelezwa. Itabidi niupasue mfupa wa paja kwa urefu. Saa tano, na damu nyingi." Akaishusha sauti. "Kwa moyo wa mama yako, silipendi jambo hilo."

Moyo wa Mama una valvu mbovu. Daktari wa usingizi anayewajua wagonjwa wa moyo alikuwa anakuja Alhamisi hiyo tu, kisha asingeonekana tena kwa miezi miwili. Msambazaji wa viungo bandia alikuwa mji mwingine, na oda ilitakiwa imfikie kabla ya saa nane mchana ili sanduku liwahi ndege. Nilitazama saa. Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Basi agiza, Daktari. Tunangoja nini?"

"Niagize cha kampuni gani?"

Faili la Mama halikuwepo. Paa la masjala ya zamani lilivuja msimu mmoja wa mvua na mafaili ya miaka ile yakageuka uji. Daktari aliyempasua alikwishastaafu na kuhamia ng'ambo. Na bila kujua kampuni, hakuna cha kuagiza, kwa sababu kichwa kinakaa juu ya shina kwa koni. Hakuna skrubu, hakuna gundi. Unakipiga nyundo mara moja, koni mbili zinaumana. Hilo daktari huyu hakuhitaji kunifundisha, maana kwenye mashine yangu ya kukereza vichwa vya keekee, vile vinavyobana drili, vinashika hivyohivyo. Koni mbili zikitofautiana hata kwa unywele, leo zitashika, kesho zitacheza.

"Vipimo vyangu viko dukani," Mama alisema kutoka kitandani.

Alikuwa amechomwa sindano ya maumivu alfajiri, na muda mfupi kabla ya kusema hivyo alikuwa amemshauri muuguzi apunguze mikono ya koti lake.

"Pumzika, Mama. Nguo za watu zitasubiri."

"Sijasema nguo za watu."

"Sawa, Mama," nikasema, kama mtu anayemjibu mtoto, na hadi leo nikikumbuka sauti yangu ile natamani kujizaba kofi.

Kisha nikafanya ujinga ambao mkerezaji tu ndiye anayeweza kuufanya. Nilitoa mfukoni kipimo changu cha vernia, kile chenye midomo miwili ya chuma, nikakibana juu ya ile picha. "Kichwa ni milimita thelathini na mbili," nikatangaza. "Tuanzie hapo."

Daktari alicheka kwa upole. "Picha hukuza. Kivuli ni kikubwa kuliko kitu chenyewe. Huenda ni ishirini na nane. Na pembe ya koni utaipimaje, nayo imefunikwa na kichwa?"

Ukutani karakanani kwangu nimeandika kwa rangi nyekundu: PIMA KITU, USIPIME PICHA. Niliirudisha vernia mfukoni polepole.

Nikashuka masjala. Karani wa huko alikuwa mzee mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Nilimfokea kuhusu paa, kuhusu mvua, kuhusu serikali. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza, mwanangu? Sasa nisikilize. Kila kiungo kikija, sandukuni mna stika za kiwanda. Jina, nambari, saizi, kila kitu. Moja inabandikwa kwenye faili, moja kwenye rejista, nayo ililowa, na moja anapewa mgonjwa aende nayo nyumbani. Wengi wanaitupa. Mama yako ni mtu wa kutupa karatasi?"

"Mama yangu hatupi hata kipande cha uzi," nikasema, na kabla sijafunga mdomo nilikuwa nimeelewa. Vipimo vyake. Dukani. Mama hakuwa akiweweseka. Aliyekuwa haelewi ni mimi. Sikumbuki kama nilimshukuru yule mzee. Nakumbuka ngazi, geti, na dereva wa pikipiki aliyeniuliza kama kuna moto.

"Upo," nikamwambia. "Endesha."

Duka la Mama ni chumba kimoja, na tangu Mama ashindwe kusimama analiendesha mdogo wake, mama yangu mdogo. Nilimkuta na pini tano mdomoni akipinda suruali. Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na madaftari ya vipimo, kumi na manne, kila moja na jalada la rangi yake.

"Mama mdogo, nipe daftari lenye vipimo vya Mama."

Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha pini alichofunga mkononi. "Haiwezekani."

"Nini hakiwezekani?"

"Vipimo vya mteja ni siri yake. Kiuno cha mtu hakisomwi na mtu mwingine. Hiyo ndiyo sheria ya duka hili kabla wewe hujazaliwa. Hata mume akija kuulizia vya mkewe, hapewi."

"Ni mama yangu!"

"Dukani humu ni mteja."

Nilitaka kupiga kelele. Nilipiga. Nilimweleza habari ya koni, moyo, ndege, saa nane, na Alhamisi, yote kwa pumzi moja. Uso wake ulibadilika, lakini mkono haukwenda kwenye rafu. "Basi mpigie aniruhusu mwenyewe," akasema. "Kwani yeye hakukwambia viko wapi?"

"Aliniambia. Sikumsikiliza."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu lenyewe ni la mkuu, Mama mdogo. Piga simu."

Muuguzi alimpelekea Mama simu kitandani, nasi tukaweka sauti kubwa. "Daftari la kijani, la tisa," Mama alisema kwa sauti kavu. "Ukurasa wa Mteja Msumbufu. Mpe asome stika. Asisome chini ya stika."

Inafaa nieleze kwamba kwenye madaftari yale hakuna jina la mtu. Mama huwaandika wateja kwa majina anayoyajua yeye, daftari likiibwa lisimwaibishe mtu. Nikifunua nilipita Bega Moja Chini, nikapita Tumbo la Krismasi, nikapita mmoja aliyeandikwa Anasema Amekonda. Na katikati, kwa mwandiko uleule wa kalamu ya risasi, Mteja Msumbufu. Husemwa kinyozi hajinyoi, ila mama yangu alijipima mwenyewe, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mguu wa kulia, urefu wa mguu wa kushoto. Na chini ya hapo, zimebandikwa kwa mstari ulionyooka kama mshono, stika nne.

Shina. Bakuli. Plastiki. Kichwa: aloi ya kobalti na kromu, milimita ishirini na nane. Jina la kampuni, nambari, na saizi ya koni.

Nikaupiga picha ule ukurasa kwa simu. Ya kwanza ilitoka ukungu. Ya pili ilitoka safi. Nikaituma kwa daktari saa saba na dakika kumi na mbili, tukakaa tukiitazama simu kama watu wanaongojea sufuria ichemke. Ikalia.

"Bado wanazitengeneza," daktari alisema, na nilisikia kwamba naye alikuwa amesimama. "Koni haijabadilika. Bakuli hili lina plastiki mpya, ile iliyoimarishwa, hailiki upesi kama ya zamani. Nimeshaongea nao. Sanduku linapanda ndege leo."

Mimi na Mama mdogo tulikumbatiana, pini za kimtoni zikanichoma begani, na sikujali. Tulirukaruka mle dukani kama watoto mpaka mwenye suruali, aliyekuwa akingoja nje, akachungulia na kuuliza kama nguo yake iko salama. Nilikuwa na furaha ya kutaka kumkumbatia hata yeye.

Ndipo nikasoma chini ya stika. Ndiyo, nilikatazwa. Nani angeacha?

Kila mwaka, tarehe ileile aliyopasuliwa, Mama alikuwa amevaa sketi moja ya kujipimia, akasimama ukutani, akapima kutoka pindo hadi sakafu, kushoto na kulia. Kabla ya kupasuliwa: kushoto pungufu sentimita mbili. Miezi sita baada ya hapo: "Sawa. Nimekwenda sokoni na kurudi bila fimbo." Kisha "Sawa," mwaka baada ya mwaka, mara kumi na nne, neno hilohilo. Mwaka wa juzi ukavunja mstari.

"Kushoto pungufu milimita 3. Milimita anatafuta chumba cha karakana. Asiambiwe."

"Pungufu milimita 5. Mashine yake imefika. Asiambiwe."

Na wa mwisho, wa mwaka huu: "Pungufu milimita 7. Ana kazi nyingi, anacheka. Asiambiwe bado."

Fundi cherehani hapimi kwa milimita. Nguo haijui milimita. Alipima kwa kipimo changu, akanificha. Na mimi, ninayeona unywele kwenye shafti, nilikula naye kila Jumapili na sikuona kwamba anachechemea, kwa sababu kila sketi aliyovaa aliipandisha pindo upande wa kushoto ili nisione. Nililia pale juu ya meza ya kukatia. Mama mdogo alilisogeza daftari pembeni lisilowe.

Alhamisi walimwingiza saa tatu asubuhi. Nilipima ile korido kwa hatua mpaka nikaijua kama kiganja changu. Saa nne na dakika arobaini mlango ulifunguka na daktari akatoka, barakoa imeshuka shingoni.

"Yupo macho. Anauliza nani amemvalisha gauni hili lililokatwa vibaya."

Niliketi sakafuni. Daktari akachuchumaa karibu yangu akanipa kifuko kidogo. Ndani yake mlikuwa na ile plastiki ya zamani, imeoshwa, rangi ya pembe kuukuu. "Nimeona unafaa kuipima," akasema. "Hii si picha."

Nikatoa vernia. Upande wa plastiki ambao haukulika ulikuwa na unene wa milimita tisa. Upande uliolika, mbili.

"Saba," nikasema.

"Saba," akarudia, na macho yake yakawaka. "Kama ilivyoandikwa kwenye ule ukurasa ulionitumia picha yake. Kwa tepu ya kushonea, ukutani. Sina mgonjwa mwingine hata mmoja ambaye najua nyonga yake imeishije kila mwaka kwa miaka kumi na saba. Nataka kila mtu ninayembadilishia kiungo aandikwe hivyo. Mama yako ataniruhusu niunakili ule ukurasa?"

Tulimwuliza jioni ile. "Nambari achukue," Mama alisema. "Kiuno akiache."

Siku ya pili wauguzi walimsimamisha na fremu ya kutembelea. Mama mdogo alikuwa ameleta daftari la kijani, kalamu ya risasi, tepu, na sketi ya kujipimia. Mama aliegemeza mgongo ukutani, jasho likimtoka, uso mkali.

"Pima."

Nikapiga magoti. Nilipima kushoto, nikapima kulia, nikarudia kushoto.

"Vipi?"

"Sawa."

"Sawa, au karibu sawa?"

"Sawa, Mama."

"Andika." Nikaandika tarehe, nikaandika neno lile. Nilidhani tumemaliza, nikataka kufunga daftari. "Bado," akasema. "Ulisoma chini ya stika."

Nikaliacha daftari wazi.

"Nilijua utasoma. Andika na hilo: Milimita ameambiwa."

Niliandika, herufi zikienda upande. Muuguzi alimrudisha kitandani, na Mama, kabla hata hajavuta pumzi vizuri, alinyoosha mkono kwenye mkoba, akatoa sketi yake ya bluu ya kila siku na wembe wa kufumulia, akaniwekea mikononi. Pindo la kushoto lilikuwa na mistari mitatu ya uzi, mmoja kwa kila mwaka aliokaa kimya. Niliketi ukingoni mwa kitanda chake nikafumua yote mitatu.