Jina la Mwinyimadi

Dufu-dufu-dufu-dufu. Sauti ilitangulia, maana Elinipa, muuguzi wa kliniki ya wajawazito, alikuwa amemwamuru Hashiru afumbe macho. Ilikwenda mbio kama mtu anayekimbizwa.

"Huyo ndiye mwanao," Elinipa alisema. "Haya, fumbua, uzungumze naye. Akiizoea sauti yako sasa, atakujua kabla hajakuona."

Hashiru akafumbua. Mkewe Kidawa alikuwa amelala chali kitandani, kitumbo juu, anacheka.

"Leo kapatikana, dada! Mtunga mashairi hana la kusema!"

Hashiru hakubishana. Alitoa simu, akayarekodi yale mapigo ya moyo wa mtoto. Moyoni alikuwa na mtu mmoja: baba yake, mzee Mwinyimadi wa Kisarawe, aliyemwacha mama wa Hashiru na mimba changa, akaoa kwingine, asirudi hata kuuliza amezaliwa wa kike au wa kiume. Mama alimlea hapa Kibaha kwa kuuza vitumbua, hadi alipokufa. Na juzi, kwa mara ya kwanza, mzee alikuwa amepiga simu.

"Nasikia mkeo mzito. Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Ndiyo desturi yetu."

"Tutakuja, baba," Hashiru alijibu.

Tangu siku ile ya kliniki, kila jioni nyumbani kwao mtaani Tangini, alikaa mkekani, mdomo karibu na khanga ya mkewe, akimghania mtoto. Beti za mapenzi Kidawa alizisikiliza amefumba macho. Za kumtukana mzee alizikatiza.

"Usimnyweshe mwanangu sumu, Hashiru. Ugomvi ni wako."

"Basi nitampelekea mwenyewe."

Jumapili wakapanda Kisarawe. Walimkuta mzee barazani na jirani yake Mashaka, wakichambua korosho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba! Mashaka, mwanangu huyu! Na mkwe kaniletea Mwinyimadi mdogo!"

"Hongera, mzee," Mashaka alisema. "Jina limepata mrithi. Na hizi korosho nazo? Maana mimi nipo."

Hashiru hakucheka. Aliweka simu juu ya jamvi, akaibonyeza. Dufu-dufu-dufu-dufu. Mzee alisimamisha mikono.

"Kama mvua ya masika juu ya bati," alinong'ona. Baba mkwe hagusi tumbo la mke wa mwanawe, kwa hiyo alijivuta tu ukingoni mwa jamvi, akaita, "Mwinyimadi! Ewe Mwinyimadi! Babu yako huyu!"

Tumbo kimya.

"Kalala," Mashaka alisema.

Hashiru akapiga goti mbele ya mkewe, akaghani polepole:

"Mwanangu uliye ndani, mimi babako nasema,
Sitatoka mlangoni, ukabakia na mama."

Khanga ikaruka. Ikaruka tena. Kidawa alishika kiuno, akaguna.

"Lo! Kamjua!" Mashaka aliangusha korosho.

"Huijua sauti inayokaa naye," Hashiru alisema, akimtazama mzee. "Mimi uliniita lini?"

"Zama zetu wanaume hatukusema na matumbo, mwanangu."

"Na nilipotoka tumboni? Mama alikungoja mpaka tukamzika."

Akaichukua simu, akayafuta yale mapigo mbele ya macho ya mzee. "Umeyasikia mara moja. Yangu hukuyasikia hata hiyo moja."

Mzee alikaa kama gunia lililopasuka. "Mimi ni wa kufa, Hashiru. Niachie jina tu. Nani atanitaja?"

Kidawa alimvuta mumewe shati. Moyo ulimlegea Hashiru, kidogo. Kisha akakumbuka darasani, mwalimu akiuliza "Hashiru wa nani?", naye akitaja jina la Seifu, baba wa mama yake, huku wenzake wakicheka kwamba kazaliwa na babu. Moyo ukakaza.

Akainama tena kwenye khanga, akapaza sauti hadi jirani wa pili akachungulia:

"Mwanangu, nisikie. Ukiwa wa kiume utaitwa Seifu. Jina la huyu mzee hutalibeba, hata akilia damu. Nami nakuahidi mbele yake: siku yoyote utakayoita baba, nitaitika."