Shamba Kando ya Daraja

Asubuhi ile Kapteni Ghislaine Ouellet alikuta kiazi kilichochemshwa juu ya kiti chake katika bwalo la maafisa, kimevishwa kofia ya karatasi. Pale mezani hakuna aliyeinua uso. Kila mmoja alikuwa ameshughulika na yai lake kana kwamba ndiye aliyelitaga. Ghislaine akakivua kile kiazi kofia, akakimenya, akakitia chumvi, akakila. Kicheko kilichofuata kilikuwa cha kumkubali zaidi ya kumdhihaki, lakini moyoni hakuwa na pa kukiweka. Jana yake Koplo Neil Hachey alikuwa amepakiwa kwenye helikopta, mguu wake wa kushoto umesagika gotini.

Mambo yalikuwa hivi. Kikosi chao cha Kanada kilikuwa Bosnia chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na Ghislaine ndiye aliyekuwa afisa wake wa upelelezi, kazi yake kumwambia mkuu wa kikosi yale yanayowangoja mbele. Malori ya unga yalitakiwa kufika kwenye mji uliozingirwa. Taarifa zote zilisema njia ya bondeni, ile inayovuka daraja, ni salama. Lakini yeye alikuwa ameipita juzi yake ndani ya gari la deraya, na kuna kitu kilimtia shaka. Bonde zima watu walikuwa wameinama wakivuna viazi kwa pupa, maana sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, ilikwisha kuanza kuyaunguza majani. Shamba moja tu, lililopakana na daraja, halikuguswa.

Ghislaine alikulia kwenye viazi. Kwao Saint-André, katika jimbo la New Brunswick, shule zilikuwa zikifungwa wakati wa mavuno ili watoto waingie shambani. Alijua kwamba mkulima anaweza kuiacha harusi, akayaacha mazishi, akauahirisha hata ugomvi wake na jirani, lakini haachi viazi vyake vigande ardhini. Asiyeingia shambani mwake ana sababu. Basi akasimama mbele ya Luteni Kanali Wendell Strang, mkuu wa kikosi, mtu mrefu wa maneno machache kutoka nyanda za Saskatchewan, akasema njia ya bondeni isipitwe.

Strang akamwuliza ana ushahidi gani. Akamweleza habari za viazi. Wenzake wakatazamana, mmoja akajikohoza. Strang aliikazia macho ramani, kisha akaamuru msafara uzungukie mlimani.

Huko mlimani lori moja liliteleza kwenye matope likabingirika, na dereva wake alikuwa Hachey. Jioni ile ile wahandisi wa kivita walikwenda kukagua daraja. Wakachokora huku na huku, shambani na chini ya nguzo, wasipate bomu wala waya. Baadaye malori ya kikosi kingine yakapita pale pale darajani, madereva wakipiga miluzi.

Baada ya kukila kile kiazi, Ghislaine alikwenda moja kwa moja kwa Strang. Alimkuta akinyoa ndevu mbele ya kioo chenye ufa.

"Naomba nirudishwe nyumbani, afande."

"Kwa kosa gani?"

"Nilikosea."

"Unajua kwamba ulikosea?"

Ghislaine akautazama ule ufa wa kioo.

"Basi sema unalolijua," Strang alisema, akihamia shavu la pili. "Hujui kama ulikosea. Na mimi sijui. Wewe ulisema ulichokiona. Aliyeamua ni mimi, na mguu wa yule kijana ni wangu. Usininyang'anye. Sasa nenda ukaniandalie habari za kesho."

Akaenda. Na kesho ikazaa kesho nyingine, mpaka miaka ikamkuta Kandahar, ikamrudisha Ottawa, ikampandisha cheo hadi kanali na kumpeleka Kingston kuwafunza maafisa vijana. Alisifika kwa neno moja ambalo wakubwa hawapendi kulisikia: sijui. Majenerali walilichukia, kisha wakalizoea, kisha wakawa hawaamini taarifa isiyokuwa nalo. Wanafunzi wake aliwaambia kwamba kazi yao ina dhuluma yake. Ukisema moto utawaka, watu wakamwaga maji, hakuna atakayeuona huo moto. Watakachokiona ni sakafu iliyolowa, nao watakuuliza nani atapiga deki.

Kwao hakuna aliyejua anafanya nini. Baba yake, mzee Aurèle, alikuwa mtu wa kupenda kujibu kila swali, na kwa kuwa bintiye hakuwa na ruhusa ya kusimulia, aliwatangazia watu kanisani kwamba Ghislaine anashughulika na hali ya hewa jeshini. Kila alipokuja likizo majirani walimwuliza kama mvua itanyesha. Naye aliangalia juu, akawajibu kwa uzito wote wa cheo chake.

Jambo moja tu lilimshinda. Alisikia kwamba Hachey alipona, akabaki anachechemea, na kwamba anaendesha basi la shule kule Bathurst, mji usio mbali sana na kwao. Mara ngapi aliipita njia panda ya kwenda huko, na kila mara mikono yake ikakataa kukata kona.

Alipostaafu alirudi Saint-André kumtunza baba yake, ingawa mzee mwenyewe aliamini kwamba ndiye anayetunza. Siku moja ya vuli gari likaingia uani. Akashuka mtu ambaye mguu mmoja haukutaka kukunjika.

"Kanali Ouellet," alisema. "Sidhani kama unanikumbuka."

"Nakukumbuka, Hachey."

"Ni huu mguu, siyo?"

"Ni hayo masikio."

Hachey akacheka, na masikio yenyewe, makubwa kama vishikio vya sufuria, yakaona haya yakawa mekundu. Akakaribishwa jikoni, ambako mzee Aurèle alikuwa akipika ploye, vile vibibi vya manjano ambavyo kwao huliwa kwa siagi na molasi, visivyogeuzwa upande wa pili. Hachey aliketi mguu wake ameunyoosha, akaishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nina swali moja," alisema. "Pale darajani. Walipata kitu?"

Uongo ulimjia Ghislaine ulimini, mtamu, umekwisha kutafunwa tayari: mabomu, tena makubwa. Nani angeumia? Akamtazama yule mtu usoni.

"Hapana. Hawakupata kitu."

Hachey alishusha pumzi ndefu. "Miaka yote hii watu wananigawia mabomu," alisema polepole. "Daktari, padri, mama yangu. Kila mtu ana lake la kunipa, kwamba yalikuwepo, ndiyo maana tukazungushwa. Nilikuwa namtafuta mmoja atakayeninyima."

"Pole, Hachey."

"Sikuja kwa pole."

Mzee Aurèle alikuwa ameacha kupika. Akauliza daraja gani hilo. Jambo lenyewe lilikwisha kuchakaa, halikuwa na siri iliyobaki, basi kwa mara ya kwanza Ghislaine akamsimulia baba yake siku moja ya kazi yake: bonde, sakitu, shamba lisiloguswa. Mzee alisikiliza huku mwiko wake ukidondosha uji wa unga sakafuni.

"Viazi haviachwi," alisema mwishoni. Halafu akafikiri. "Isipokuwa mwenyewe awe amekufa."

"Hilo nililiwaza baadaye, Baba."

"Na ungeliwaza mapema, ungesemaje?"

Ghislaine alilitafuta jibu kwa uaminifu, na alilolipata lilimshangaza kwa jinsi lilivyokuwa jepesi.

"Ningesema vilevile. Msipite."

"Na mimi ningeendesha," Hachey alisema, "ila ningekwenda taratibu kwenye ile kona."

Mzee akawatazama wote wawili, akageukia jiko lake, akamimina uji mwingine kwenye chuma. Kisha akauliza kama mgeni amekuja peke yake. Hachey akakiri kwamba mkewe na binti zake wamo garini. Aliwaambia wangoje, kwa kuwa hakujua kama yeye mwenyewe angetaka kukaa.

"Wale wasichana wana hamu ya kumwona aliyemvunja baba yao mguu," aliongeza.

"Utawaacha na njaa uani kwangu?" mzee akasema. "Ghislaine, kawaite, mwanangu."

Akatoka bila koti. Nje jua lilikuwa kali, na baridi kali vilevile. Kabla hajalifikia gari alizisikia sauti humo ndani, wasichana wakigombania dirisha, mama yao akiwakanya, na mmoja wao akicheka kicheko kisichotaka kwisha. Akasimama kidogo kuwasikiliza. Kisha akagonga kioo.