Mtalawanda wa Marehemu Ferriòl

Maurina Bancarèl alikuwa akimenya vitunguu saumu vya supu pale marehemu baba yake alipomwita tena kutoka kwenye kinasa sauti. Alifuta mikono kwa aproni, akapunguza kuni jikoni, akaketi kusikiliza. Kanda iliyomo ilikuwa imekwisha tangu msimu wa uyoga, na waya wa umeme ulikuwa umeviringishwa mezani. Mzee Ferriòl hakujali. Hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kukatizwa.

Ferriòl alikuwa mshairi. Alitunga kwa Kioksitani, lugha ya kijiji kile cha milimani, akajirekodi mwenyewe papo hapo jikoni, kanda juu ya kanda. Lakini hakumsemesha binti yake lugha hiyo hata siku moja. Kifaransa tu, tangu yuko kwenye nepi. Wala si dharau. Shuleni alikosoma Ferriòl, mtoto aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani alivishwa mtalawanda, kiatu cha mti, shingoni kwa kamba ya katani, akae nao mpaka amsikie mwenzake anateleza, amtaje, uhamie kwake. Jua likizama unao wewe, basi fimbo za viganjani ni zako. Ferriòl aliapa mwanawe hatauvaa, na kijiji kizima kiliapa hivyo hivyo. Kwa hiyo Maurina, mtoto wa mshairi, katika mashairi ya baba yake aliambulia jina lake tu, na hilo lilimchoma roho.

Kesho asubuhi watu wa makumbusho wangekuja kuzichukua kanda. Akamwita Bibi Eufrasia, jirani, wa mwisho aliyekuwa hai kati ya waliosoma na Ferriòl.

"Shangazi, ananiita halafu anasema maneno mengi. Nifasirie. Leo ndiyo leo."

"Bado anapayuka huyo? Hata kufa hakukumnyamazisha! Haya, nisogezee kiti, magoti yananiua."

Alisikiliza. Kwanza alicheka, kisha akatoa leso.

"Anasema nini, shangazi?"

"Ngoja, we mtoto. Yanataka kuonjwa kwanza."

Akaurudia ubeti kwa lugha yenyewe, kwa sauti, kama mashairi yanavyorudiwa. Kabla hajaumaliza, mtalawanda ulikuwa shingoni mwake, na kamba yake ile ile ya katani.

"Ndio ule?" Maurina aliuliza.

"Ndio. Tazama kisigino, hizo alama za meno ni za baba yako."

"Uvue basi."

"Hauvuliki huu. Unavishwa mwingine."

"Nivishe mimi!"

"Wewe umesema nini, mwanangu? Hujui hata kuomba maji."

Dirishani, jua lilikuwa limebakiza upana wa kidole juu ya mlima. Bibi Eufrasia alitazama viganja vyake. Vilikuwa vimeanza kuwa vyekundu. Ferriòl aliendelea na shairi, akalitaja tena jina la binti yake.

"Niambie neno moja tu," Maurina alisema. Alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. "Moja tu, shangazi, nakupigia magoti."

Bibi kizee alifungua mdomo. Akatazama jua, akaufunga. Kisha akainua kidole, akakielekeza kwenye kinasa sauti.

"Ni yeye! Nimemsikia!"

Mtalawanda ukawa unaning'inia kwenye kinasa sauti. Ferriòl alikatikia katikati ya neno. Ikafuata sauti ya kitoto, kwa Kifaransa safi:

"Nisamehe, mwalimu. Sitarudia tena."

"Supu yako inaungua," Bibi Eufrasia alisema, akaenda zake bila kuaga.

Asubuhi watu wa makumbusho walizisikiliza kanda moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa za Kifaransa: salamu, habari za mvua, dua ya chakula.

"Mama, sisi tuliambiwa huyu mzee ni mshairi wa Kioksitani," mmoja alisema.

"Alikuwa," Maurina alijibu.

Wakanywa kahawa, wakashukuru, wakaondoka mikono mitupu.

Jioni alikuwa akikata mkate pale baba yake alipomwita.

"Maurina, umekula, binti yangu?"

Ndivyo alivyomuuliza maisha yake yote, na kwa Kifaransa hicho hicho.

"Nimekula, baba," alisema.

Jua lilikuwa linagusa mlima, na mtalawanda bado ulikuwa unaning'inia pale pale. Maurina alikwenda chumbani, akarudi na blanketi la sufu, akakifunika kinasa sauti mara mbili, ili fimbo zisimuumize sana.