Samaki Walioshiba Kiangazi

Kijito kinachopita chini ya shamba la ukoo wao, huko juu ya Mlali, Mwanaasha alikijua kama anavyozijua sufuria zake. Masika samaki wake wadogo hula vidudu vinavyoishi chini ya mawe. Kiangazi hubaki kukwangua utelezi wa kijani, wakakonda hadi mtu akaona haya kuwapika.

Sasa asubuhi ile, katikati ya kiangazi, alitandaza kanga kuukuu majini akaopoa samaki wanene, wazito, wasiokimbia hata kivuli chake. Badala ya kushtuka, akafurahi. Bintiye Nasra alikuwa amejifungua kule Mafiga na maziwa yalikuwa yanasuasua. Kwao mzazi hupikiwa samaki wa kijito wazima wazima, na utumbo wao, maana ule uchungu ndio unaoshusha maziwa. Akawajaza kwenye ndoo ya mfuniko, akampa Abasi wa bodaboda na kumwonya asisimame njiani kupiga soga.

Wale aliojibakizia mwenyewe aliwarudia adhuhuri. Alikaa kijitoni, akamminya wa kwanza tumbo kwa kidole gumba, akingojea ule ujiuji wa kijani. Vikatoka vidudu. Vizima vizima, na miguu yake, vimeshindiliwa hadi kooni. Akamminya wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile.

Kidole kikasita. Vidudu hivi hung'ang'ania mawe hata mafuriko yakija; nani kavibandua? Akapindua jiwe. Tupu. Akapindua jingine, tupu. Ndipo alipoviona vikielea na maji, vimekufa, na samaki mmoja akipita tumbo juu, mdomo bado umejaa.

Mwanaasha akaikumbuka ile ndoo ya Nasra. Bondeni simu haishiki mtandao, hivyo akapanda mbio, kiganja kikiwa bado kimefumba ule utumbo. Kabla ya kufika kwenye shamba la kabichi alikutana na harufu ya dawa. Mumewe Mikidadi alikuwa amechutama ukingoni mwa kijito, juu ya pale alipovulia, anasuuza bomba la kupulizia dawa.

"Baba Nasra! Unafanya nini?"

"Si unaona? Naosha bomba. Nikiyamwaga maji ya dawa shambani yanaunguza kabichi. Hapa kijito kinaondoka nayo."

"Umeanza lini kuoshea hapa?"

"Jana jioni. Kwani kuna nini?"

"Na hayo maji yakiondoka yanakwenda wapi?"

Mikidadi akacheka. "Wee mama Nasra, maji nayo unayauliza safari?"

Akamfumbulia kiganja puani. "Dawa yako imeua hivi vidudu vikaelea, samaki wakavifakamia. Na mimi nimempelekea Nasra hao samaki. Na utumbo wao!"

Kicheko kikamkatikia mdomoni.

Mwanaasha akampigia Nasra simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena huku akizunguka, akikanyaga kabichi moja baada ya nyingine, na Mikidadi, ambaye huweza kununa wiki nzima kwa jani moja, hakuzitazama. Alikuwa anajifuta mikono kwenye suruali, anajifuta tena, kama vile haitakati. Mwanaasha alimchukia kwa mikono ile, na alijichukia zaidi kwa furaha yake ya asubuhi. Kwa nini hakumminya hata mmoja kabla ya kufunga ndoo?

Simu ikapokewa. "Mama, shikamoo! Samaki wako wamenona jamani!"

Mwanaasha akamsukumia mumewe simu kifuani. "Mwambie wewe."

Mikidadi akaishika kwa ncha za vidole. "Nasra. Ile supu umekunywa?"

"Shikamoo baba. Bakuli zima, na samaki nimewatafuna na utumbo wao, kama alivyoagiza mama." Nasra alicheka, uchovu na furaha vimechanganyika. "Na maziwa yametoka, baba! Mtoto ananyonya hapa, haachii. Tangu azaliwe hajapata kushiba hivi."

Mwanaasha alisikia kila neno.

"Mtoe titini," Mikidadi alisema. "Mtoe sasa hivi, mwanangu, mkimbilie hospitali. Waambie ni dawa ya kabichi. Waambie ni baba yako."

Walishuka wakikimbia kuelekea barabarani, yeye mbele, mkewe nyuma. Bomba lilibaki ukingoni, mfuniko wazi, likichuruzika kijitoni.