Marehemu Lucien Anapata Kazi

Saa moja na nusu asubuhi ya Jumatatu, Kapinga Mbombo alikuwa amekwisha kupima sampuli kumi na nne za mchanga wa madini, na koti lake jeupe lilikuwa na doa jipya la tindikali kwenye mkono wa kushoto. Labo ilikuwa kwenye barabara ya kwenda Musonoi, nyumba ndefu ya mabati ambayo madirisha yake hayakufunguliwa kwa sababu ya vumbi. Nje, malori yalipanga foleni. Kila lori lilisubiri karatasi yenye tarakimu mbili, asilimia ya shaba na asilimia ya kobalti. Tangu mzee Muamba, mkuu wa zamu, astaafu mwezi wa nne, tarakimu hizo zilitoka mikononi mwa Kapinga, ingawa chini ya kila karatasi nafasi ya sahihi ya mkuu ilibaki tupu.

Asubuhi hiyo tangazo lilibandikwa kwenye kibanda cha mlinzi. Kazi ya mkuu wa zamu ilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye uwezo.

Kapinga alikuwa kibarua wa labo kwa miaka tisa. Mkuu wa zamu alikuwa na mkataba, na mwenye mkataba alikuwa na kadi ya hospitali ya kampuni, kadi ya kijani yenye nafasi ya kuandika majina ya familia, wazazi wakiwemo. Mama yake Kapinga, mama Mianda, alikuwa mgonjwa wa figo. Asubuhi miguu yake ilikuwa imevimba kiasi kwamba hakuweza kuvaa viatu, na kanisani alikwenda na ndara za mkwewe.

Watu saba walifanya mtihani. Kapinga alipata kumi na tisa juu ya ishirini. Aliyemfuata alipata nane.

Mkuu wa wafanyakazi aliitwa Symphorien. Alikuwa mtu mpole, shemasi kanisani kwake, na hakuna aliyewahi kumsikia akitukana kabila la mtu. Angeulizwa, angeapa kwamba hana upendeleo, wala hangekuwa anasema uongo. Hakuwahi kutazama upande huo.

"Mama Kapinga, karibu," alisema siku ya mahojiano. "Examen yako ni muzuri sana. Kwanza niulize: bwana yako anakubali kazi ya asubuyi-asubuyi?"

"Naingiaka saa kumi na mbili tangu miaka kenda, tata."

"Na batoto?"

"Batatu."

"Utazala tena?"

"Hapana."

"Ah, Mungu njo anayua." Akaandika kitu. "Na kwenu kule Kasai, familia iko?"

"Kwetu ni hapa, tata. Mi nilizaliwa hapa Kolwezi. Nkambo, baba ya baba yangu, njo alikuya na treni, wakati ya Babelgi."

"Ndiyo, ndiyo," Symphorien alisema kwa upole. "Lakini siku moja mutarudia."

Kapinga alipokuwa na miaka mitatu alikaa wiki tano kwenye stesheni ya Kolwezi, kwa sababu watu wenye majina kama yao walikuwa wameambiwa warudi kwao. Treni haikuwafikia. Waliporudi Musonoi walikuta milango ya nyumba imeng'olewa. Mambo hayo hayakuwa kwenye fomu.

Kapinga alipotoka, Symphorien alikaa na dosye yake, lile faili la karatasi zake, mkononi kwa muda mrefu. Hakuona kosa. Hata hivyo alihisi kitu kinapungua, kama chakula kisichotiwa chumvi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa dhamiri hakutaka kuharakisha. Alifungua kabati la chuma, akaanza kupekua dosye za zamani. Katikati ya droo ya tatu alikuta picha ya kijana mwenye uso wa uchangamfu, mzaliwa wa hapa, aliyesoma shule ileile aliyosoma yeye. Lucien Ngoy. Moyo wake ukatulia. Akapiga namba iliyoandikwa pembeni.

Lucien alikuwa amefanya kazi katika labo miezi minane. Kapinga ndiye aliyemfundisha, na mpaka mwezi wake wa sita bado alikuwa akisahau kuosha chupa. Kisha malaria ikampanda kichwani, akafa. Watu wote wa labo walikwenda kumzika, na Symphorien mwenyewe ndiye aliyetoa hotuba. Ilikuwa miaka miwili iliyopita.

Simu iliita mara mbili, Lucien akapokea.

Alikuja Jumatano saa nne, akiwa na suti aliyozikwa nayo. Koti lilikuwa limepasuliwa mgongoni, kama wanavyofanya ili kumvalisha maiti, na mkewe Valérie alikuwa amelishika kwa pini tatu. Pamba za puani alikuwa amezitoa na kuzitia mfukoni. Mlinzi alimwandika kwenye daftari la wageni, akamwomba afute viatu.

Kapinga alikuwa kwenye korido akisubiri majibu yake. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba. Alimsikia Symphorien akicheka, wakikumbushana mwalimu wao wa hesabu aliyekuwa akirusha chaki.

"Na santé?" Symphorien aliuliza mwishoni.

"Nilishakufa, tata."

"Ah. Tangu wakati gani?"

"Miaka mbili."

"Kuanza tarehe moja utaweza?"

"Nitaweza."

Kwenye mstari wa afya, Symphorien aliandika: *haibadiliki*.

Matokeo yalitangazwa mchana uleule. Kapinga aligonga mlango, akaingia kabla ya kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Tata Symphorien, nilikosa wapi?"

"Haukukosa kitu, mama. Kaa kwanza."

Hakukaa. "Njo mi nilifundisha ule mutu kazi."

"Nayua. Na tunakushukuru." Symphorien alivua miwani. Alikuwa na huzuni ya kweli. "Mama Kapinga, usifikiri ni mambo ya kabila. Dada yangu aliolewa na Muluba ya Kasai, tunakulaka naye Noeli. Ni confiance tu. Kuna mutu, ukimuangalia, unasikia moyo inatulia."

"Ni mufu, tata."

"Kila mutu iko na kilema yake," alisema Symphorien. "Ye hataomba congé ya kuzala."

Jioni Kapinga alimweleza mumewe, Ntambwe, aliyekuwa akisafisha plagi ya pikipiki yake mlangoni. Ntambwe alifikiri kidogo.

"Labda ungeandika jina yangu, si ya baba yako."

"Yako pia ni ya kule."

"Kweli," alisema Ntambwe, akaendelea kusafisha plagi.

Mama Mianda aliyasikia yote kutoka kitandani. Aliomba tu wamsogezee beseni ya maji ya chumvi ya kutia miguu.

Lucien alianza kazi tarehe moja. Mashine ya mlangoni haikutambua kidole chake, kwa hiyo alipewa daftari la kusaini. Mwaka uliotangulia, tindikali ilipolamba ncha za vidole vya Kapinga, mashine ilimkataa yeye pia, na aliandikwa mtoro siku tatu.

Lucien hakuwa na ubaya wowote. Hakupumua, hakutoa jasho, hakwenda kula saa sita. Ila macho yake yaliona kila kitu kwa rangi ya majivu. Kazi ya kupima shaba inataka jicho: unatonesha dawa tone moja moja katika maji ya buluu iliyoiva, na palepale yanapogeuka meupe kama maziwa unafunga bomba na kusoma namba. Tone moja likizidi, lori zima limehesabiwa vibaya. Lucien alisimama mbele ya chupa na hakujua lini afunge.

"Sasa," Kapinga alisema nyuma yake.

Akafunga.

Ilikuwa hivyo siku nzima, na siku iliyofuata. Wiki ya pili walirahisisha: Kapinga alipima, Lucien akatia sahihi. Tarakimu zilitoka sawasawa, na ofisini walisema kwamba tangu labo ipate mkuu, mambo yamenyooka.

"Yaya Kapinga," Lucien alimwambia, kama mdogo kwa dada yake, siku moja malori yalipopungua, "mi sikuomba hii kazi. Balipiga simu."

"Nayua."

"Nilikuwa nalala. Wanaita jina yako, unaamuka. Si unaelewa?"

Kapinga aliendelea kuosha chupa. Alitaka kumchukia, na kwa siku kadhaa alijaribu kwa bidii, lakini Lucien alikuwa na udongo chini ya kucha ambao haukutoka hata kwa brashi, na alikuwa akijificha nyuma ya kabati ili kuzisugua. Kila alasiri alipitia kwa Valérie, akatazama madaftari ya wanawe, kisha akarudi makaburini kabla taa hazijawashwa. Watoto walikuwa wameacha kukohoa. Kadi ya kijani ilikuwa imewafikisha hospitali.

Mwezi wake wa tatu kazini Lucien alipanda ofisini kwa Symphorien, akamwambia kwamba anataka kuacha, kwamba kazi inafanywa na Kapinga, kwamba yeye haoni hata rangi. Symphorien alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akamshika mkono ule wa baridi kwa mikono yake miwili.

"Unyenyekevu ya vile," alisema, "njo tunatafutaka kwa chef."

Akamwongezea zamu ya pili aisimamie. Kapinga alianza kutoka saa kumi na mbili jioni badala ya saa nane, maana mkuu asingeweza kusaini kitu ambacho hakijapimwa.

Wakati wa mvua mama Mianda alivimba mpaka usoni. Zahanati ya mtaani walimtazama, wakasema aende penye mashine ya kusafisha damu, na mashine hiyo ilikuwa hospitali ya kampuni peke yake. Kapinga aliandika barua kwa Symphorien. Jibu lilikuja siku ileile, lenye maneno mazuri na mstari wa Zaburi. Vibarua hawakuwa na haki ya kadi. Angemkumbuka mama katika maombi. Na kweli alimkumbuka, Jumapili mbili mfululizo, kwa jina.

Ijumaa moja Valérie alifika Musonoi kwa miguu, na tope mpaka magotini. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyependa kuzunguka na maneno. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda cha mama Mianda, akatoa kadi ya kijani ndani ya mfuko wa plastiki.

"Lucien njo amenituma. Hapa kuna nafasi ya mama muzazi. Mama yake alikufa zamani, na ye hakuna mutu alimuita arudie. Jina yake tu njo inabakia kwa kadi." Akamtazama Kapinga. "Picha haijabandikwa."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati.

"Anaitwa nani?" mama Mianda aliuliza.

"Mwamba Honorine."

Mama Mianda alilirudia jina hilo polepole, kama mtu anayeonja dawa. Alikuwa na miaka sitini na minane. Jina la Mianda alipewa na bibi yake, na katika wiki tano za stesheni aliliandika kwa makaa juu ya sanduku lao, kwa herufi kubwa, ili wasipoteane.

"Mama, kama hautaki," Kapinga alisema.

"Nani alisema sitaki? Nipe kitambaa yangu ya kichwa."

Ntambwe alimpeleka kwa pikipiki asubuhi ya Jumatatu, taratibu, akikwepa mashimo, na Kapinga akafuata kwa pikipiki ya rafiki wa mumewe. Alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili kwa Lucien, naye alisaini. Malori yangesubiri.

Mapokezini palikuwa na muuguzi mwenye kalamu mbili katika nywele. Alichukua kadi, akaitazama picha waliyoibandika jana yake, akamtazama mama Mianda.

"Weye ni mama ya Lucien Ngoy? Ule chef wa labo?"

Kapinga alitazama sakafu. Ilikuwa ya vigae vyeupe, na miguu ya mama yake, ndani ya ndara za kiume, ilikuwa imeng'aa kwa kujaa maji.

"Ndiyo," mama Mianda alisema. "Ni mutoto yangu."

"Una bahati, mama. Banasema anafanyaka kazi muzuri sana." Muuguzi aliandika jina la Mwamba Honorine kwenye daftari, akapiga muhuri, akaita mtu alete kiti cha magurudumu. Kisha akainua kichwa kumwelekea Kapinga, ambaye alikuwa bado amemshika mama yake mkono.

"Na huyu?"

Mama Mianda aliuachilia mkono wa binti yake, akakaa kwenye kiti, akapanga kitenge juu ya magoti.

"Huyu ananisindikiza tu," alisema.